Mkono wa Kushoto wa Nduku

Kangemi, Jumapili jioni

Naliaka mwanangu, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukutani. Unapigana na zipu ya begi na zipu inashinda. Hali yangu ndiyo hujui. Umeniona nikiondoka mezani na kuacha chapati nusu, na baba yako akakwambia, "Mwache, anaona uchungu mtoto akienda." Baba yako ni mtu mwema na fundi hodari wa mabomba, lakini mambo ya moyo wangu huwa anayakisia tu, na leo amekisia vibaya. Uchungu upo, sikatai. Kilichoniinua pale mezani ni woga.

Habari za blanketi, za chandarua, na za kutompa mtu begi akushikie pale stendi, nimemwachia yeye. Ataziongea mpaka basi la kukupeleka Makueni kwenye mazoezi ya kufundisha, hiyo TP yenu, liondoke, na hata likiondoka atakupigia simu azimalizie. Mimi nataka kusema juu ya lile ulilotuambia kati ya chapati ya kwanza na ya pili.

Ulikuwa unatuchekesha. Ulisema, "Mum, kuna trick moja wasee wa third year wametuonyesha. Before assessor akuje, unaambia class: kama unajua answer, inua mkono wa kulia. Kama hujui, inua wa kushoto. So ukiuliza swali, mikono yote iko juu! Assessor anaona class iko moto, na wewe unachagua wa kulia tu. Si ni smart?"

Baba yako alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha akasema lile analomwambia kila mgeni anayeketi kwenye kiti chetu: "Muulize mama yako. TP yake alipita kuliko wote chuoni." Ukanigeukia na yale macho yako ya kujivunia mama, ukauliza, "Kwani hata nyinyi mlikuwa mnafanya hivyo?" Nikasema naenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa limezimwa zamani, Naliaka, na nadhani uliona.

Ndiyo, tulikuwa tunafanya hivyo. Nakuandikia ujue nilipitaje.

Nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi upande wa Muthangari. Masomo ya bure yalikuwa yameingia karibuni na watoto walikuwa wamejaa, watatu watatu kwenye dawati la wawili, wengine juu ya matofali. Wengi walikuwa watoto wa mayaya, wa askari wa mageti na wa watu wa vibanda, maana wenye nyumba zile kubwa walipeleka watoto wao kwingine. Mimi nilikuwa nimetoka Kimilili na ulimi wangu wa Kibukusu. Siku ya kwanza nilisoma hadithi ya jogoo, wao wakasikia chokoo, darasa likaanguka kicheko. Tangu siku hiyo nikipita uwanjani nasikia nyuma yangu, "Chokoo! Chokoo!" Nilikuwa nikifika nyumbani kwa shangazi yangu naingia bafuni kulia, halafu natoka nasema ni sabuni.

Nisikufiche, niliwaogopa. Watu hudhani mwalimu mgeni anaogopa mkaguzi peke yake. Mimi niliwaogopa watoto wenyewe, na zaidi niliogopa ule ukimya. Unauliza swali, unaangalia, na wote wanakutazama tu. Unasikia magari ya Waiyaki Way. Unalirudia swali kwa sauti ya juu zaidi, na bado hakuna mkono hata mmoja. Wakati huo nilikuwa naamini kwamba ukimya ule ulimaanisha mimi si mwalimu.

Mwenye darasa alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa Machakos, mpole, mwenye utani mwingi. Alinionea huruma. Siku chache kabla ya mkaguzi wa chuo kuja aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, assessor ni mgeni wa harusi. Yeye hatakula pilau yote, anaangalia tu kama sahani zimejaa. Wewe mpe mikono." Ndipo akanifundisha huo ujanja wa kulia na kushoto. Hakuwa mtu mbaya. Naye alifundishwa na mwingine, na huyo mwingine na mwingine.

Watoto waliupenda kama mchezo. Tulifanya mazoezi, mimi nikiuliza maswali ya kipuuzi, hata ya kutaja jina la mkuu wa shule, na mikono yote inaruka juu, kulia na kushoto, huku wanabana vicheko. Kwa mara ya kwanza walikuwa upande wangu. Tulikuwa na siri yetu. Nikawaambia, "Siku hiyo hakuna kwenda msalani, hakuna kuongea, hakuna kusimama. Ni mikono tu. Msiniaibishe mbele ya mgeni." Wakaitikia, "Hatutakuaibisha, teacher!" Yule Chokoo akasahaulika siku hiyo, na niliporudi kwa shangazi nilikula ugali mara mbili.

Sasa nikuambie juu ya Nduku.

Alikuwa darasa la nne, mdogo kwa umbo, na mama yake alikuwa yaya kwenye nyumba moja ya Loresho. Hisabati zilimpiga chenga, lakini aliandika kwa utaratibu sana, na akifikiri alikuwa anatafuna ncha ya mkono wa sweta. Wiki yangu ya kwanza Mutua aliniambia, "Huyo ana pumu. Mwache hapo dirishani, na akikuambia kitu, msikilize." Nikasema sawa. Na nilimsikiliza wiki zote zile, mpaka siku ya mkaguzi.

Mkaguzi hukaa nyuma, hata leo ni hivyo hivyo. Anaweza kuinuka akapita kati ya madawati kuangalia vitabu. Dawati la Nduku pale dirishani lilikuwa karibu na kiti cha mkaguzi, na kitabu cha Nduku kilikuwa kimejaa alama nyekundu za kalamu yangu mwenyewe. Asubuhi hiyo nilimhamisha. Nilimweka mbele kabisa, kwenye kona ya ukuta, chini ya ubao, mahali ambapo mkaguzi hangefika bila kupita mbele ya darasa lote. Nilimwambia ni ili aone vizuri. Aliniamini, akabeba kitabu chake na kibao chake cha kukalia.

Somo lilikuwa sehemu, nusu na robo. Nilikuwa nimetayarisha andalio safi, nimekata machungwa, nimechora chati. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, akaketi, akafungua faili. Nikauliza swali la kwanza na mikono yote ikaenda juu. Nilisikia kalamu yake ikianza kuandika, na nakwambia, mwanangu, ule mlio ulikuwa mtamu. Nilichora duara, nikaligawa, nikalifuta. Nikachora lingine, nikalifuta. Dasta ilikuwa kavu na vumbi lilikuwa linashuka pale pale konani, mimi hata silioni. Nilikuwa naangalia mikono ya kulia tu. Katika siku chache za mchezo ule macho yangu yalikuwa yamezoea kuruka ya kushoto, kama hawa wenzetu mjini wanavyopita mtu aliyelala nje ya benki.

Mkono wa Nduku ulikuwa juu, wa kushoto. Nilipouliza swali lililofuata ulikuwa bado juu. Wengine walikuwa wanashusha wakisikia jibu, yeye hakushusha. Niliuona, na hilo ndilo nataka ulisome polepole. Sitakudanganya kwamba sikuuona. Nilifikiri, huyu mtoto ananiharibia somo, hata mchezo umemshinda. Nikaendelea. Nikageuka tena, naye sasa alikuwa ameushikilia huo mkono kwa mkono mwingine, kama mzigo unaotaka kuanguka, na mdomo wake ulikuwa wazi. Mimi nikamkazia macho. Unayajua macho yangu hayo, ulikulia chini yake.

Akaushusha.

Nikafundisha mpaka kengele. Mkaguzi akafunga faili, akanijia mlangoni na tabasamu, akaniambia, "Vizuri sana, Mwalimu. Darasa lako limechangamka." Nyuma yangu watoto walisimama wote kusema asante. Mmoja hakusimama. Msichana waliyeketi pamoja akaita, "Teacher, Nduku ako na kitu!" Nikageuka. Alikuwa ameegemea ukuta, mabega yanapanda na kushuka, shingo imeingia ndani kila akivuta pumzi, na midomo imegeuka rangi. Hakuwa analia. Mtu hana pumzi ya kulia, nilijifunza siku hiyo.

Mutua alikuja mbio akambeba mgongoni mpaka barabarani, mimi nyuma yake na viatu mkononi. Mama mmoja aliyekuwa anatoka na gari alitufungulia mlango bila kuuliza jina. Kuelekea Westlands magari yalikuwa yamesimama, na yule mama alikuwa anapiga honi na kulia pamoja. Nilikuwa nimempakata Nduku. Kila pumzi yake ilikuwa na mluzi ndani, na kati ya mluzi na mluzi kulikuwa na nafasi, na nafasi ile ilikuwa inazidi kuwa ndefu. Niliomba kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, nikamwahidi Mungu mambo ambayo hata leo sijatimiza. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ulipozaliwa na kitovu kikiwa kimekuzunguka shingoni. Siku hiyo yako, angalau, kilichokuwa kinakukaba hakikuwa mimi.

Tulifika kwenye zahanati moja wakamvalisha kile kifuniko cha mvuke. Wakampa na sindano. Polepole mluzi ukapungua, akafungua macho. Kitu cha kwanza alichouliza, akiwa bado na kifuniko usoni, alikiuliza kwa sauti ndogo hata nikainama kumsikia:

"Teacher, tulipita?"

Nikamwambia, "Tulipita."

Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakutoka nje. Akasema, "Si ulisema tusikuaibishe?" Halafu akaongeza, akinieleza kama mtu anayeomba radhi, "Nilinyanyua wa kushoto kwa vile sikuwa najua answer."

Mama yake alifika jioni na aproni ya kazini, hakuwa amekumbuka kuivua. Alimshika mtoto kichwani, akamshika miguuni, akahesabu kama yupo mzima. Halafu akanijia mimi. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, Mwalimu. Wameniambia ni wewe umemkimbiza. Mungu akubariki. Ungekuwa hauko, ningekuwa nazika."

Na mimi, mama yako, nikamjibu: "Karibu, Mama Nduku."

Nimefanya makosa mengi, mengine unayajua na hunisamehi, kama yale ya kukunyoa nywele kabla ya harusi ya Auntie Nafula. Lakini neno hilo moja ndilo linaloniamsha usiku. Kumhamisha mtoto ilikuwa ujinga. Kumkazia macho ilikuwa woga. Lakini "karibu" niliisema mtoto ameshapona, hakuna mkaguzi, hakuna alama, nina nafasi yote ya kusema ukweli. Mama wa watu amesimama mbele yangu akingoja tu niseme lolote. Nikapokea shukrani yake nikaiweka mfukoni. Mutua aliniambia tuliache jambo hilo, mtoto amepona, na kweli hakuna aliyeuliza. Alama zikaja. Nilikuwa wa kwanza.

Nduku alirudi shuleni. Nilimrudisha dirishani, nikamletea sweta jipya. Kwa wiki zilizobaki sikumwona akiinua mkono tena, wa kulia wala wa kushoto. Nikiuliza swali anaangalia dawati. Nikimwita kwa jina anasimama, anajibu kwa kunong'ona, na mara nyingine jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa anajua na hakuinua. Nilimaliza mazoezi, watoto wakaniimbia, yeye akaimba pamoja nao. Muhula uliofuata mama yake alipata kazi kwingine, na Mutua hakujua wapi. Sijui kama aliwahi kunyooshea mwalimu mwingine mkono.

Sasa unajua kwa nini hapa shuleni kwetu wazazi hulalamika kwamba Mwalimu Nekesa hamalizi silabasi. Wewe mwenyewe hunitania kuwa watoto wangu watafika chuo kikuu bado wako kwenye robo. Ni kweli natambaa. Nikiuliza swali, naanza na wasiojua, nao wameshazoea kusema "Mimi sijui, teacher" kwa sauti kubwa bila haya, hata wageni hushangaa. Si hekima hiyo, mama. Ni woga niliozoea kuufuga ndani ya nyumba. Kila nikiona mtoto ameshika kifua naacha chaki.

Na leo woga huo umeniruka umekuja kukalia meza yako. Nimekuangalia wiki hii yote. Hujala vizuri. Umefua shati lile lile jeupe mara mbili. Jana nilikusikia mbele ya kioo ukisema "Good morning, class," ukarudia, ukarudia, kila mara sauti ikiwa ndogo kuliko ya kwanza. Unaogopa kama nilivyoogopa, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu mimi sikuwa na roho mbaya hata kidogo. Niliwapenda watoto wale. Nilikuwa naogopa tu, na mtu anayeogopa hutazama kile kiti cha mkaguzi kule nyuma.

Huko uendako kuna mtoto ambaye saa hizi hata hajui jina lako. Labda anapiga deki, labda anachapwa kwa kupoteza kalamu. Simjui na naogopa kwa ajili yake. Naogopa pia kwa ajili yako, kwa sababu yeye anaweza kupona na wewe usipone. Sijui nikulinde vipi na jambo ambalo wenzako wote watakuambia ni smart. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia, lakini hata kama angekuwapo, nadhani ningemcheka.

Ukiuliza swali na mikono yote ikalala, utataka ardhi ikumeze. Simama hapo hapo. Ukimya wao si hukumu yako, ni watoto wanafikiri, au wana njaa, au hawajaelewa, na kazi yako ni kujua ni lipi. Mkaguzi akiandika kwamba darasa limelala, mwache aandike. Ukianguka somo kwa sababu hiyo nipigie simu wakati wowote, nitamchinja yule jogoo wa baba yako anayempenda kuliko sisi sote, na nitamwelezea mwenyewe sababu.

Baba yako pia hajui habari hii. Nitamwambia kesho tukirudi kutoka stendi, ili aache kuwaambia wageni juu ya TP yangu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali, uisome nisikuone. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikagundua ni ujanja mwingine tena. Basi siifichi. Nikiweka kalamu chini nabisha mlango wako, nakupa mkononi, na nakaa kwenye kitanda chako uisome nikiwepo. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka nitoke, nitatoka ukishamaliza, si kabla. Naogopa sana uso wako utakavyokuwa ukifika mahali pa mkono ule. Lakini sitaangalia kwingine.

Mama yako,
Nekesa